Wakfu na Daftari la Pamoja: Nani Msimamizi, Nani Mgharimiaji?

 

Watu wa Pemba wanaujua wakfu kwa macho: msikiti, kisima, na shamba la mikarafuu ambalo mapato yake yanautengeneza msikiti. Asili yake ni ardhi ya Sayyidna Umar (R.A.) kule Khaybar. Mtume (S.A.W.) alimuelekeza aizuie asili yake na ayatoe sadaka matunda yake, isiuzwe, isitolewe zawadi wala isirithiwe. Anayeisimamia akaruhusiwa kula humo kwa wema, bila ya kujilimbikizia. Hapa mafakihi wamepata mambo mawili: msimamizi (nadhiri) anayejulikana, na mapato yanayoanza kwa kuitengeneza mali yenyewe.

Leo vijana wanauliza kuhusu blokucheni. Hili ni daftari la hesabu ambalo nakala zake zimo katika kompyuta nyingi duniani, wala hapana mtu mmoja awezaye kufuta mstari peke yake. Wengi hulitumia kwa pamoja, kama wanakijiji na kisima chao. Je, nani anakisafisha kisima hiki?

Kwanza, gharama. Bitcoin, iliyoanza Januari 2009, humlipa anayethibitisha miamala kwa sarafu mpya pamoja na ada. Sarafu hizo mpya hupungua nusu takriban kila miaka 4, na hazitazidi milioni 21. Hatimaye itabaki ada pekee. Lakini mafundi wanaoitengeneza programu yenyewe hawalipwi na daftari. Wao hutegemea misaada ya makampuni na wahisani. Ethereum, ya mwaka 2015, ina taasisi yake nchini Uswisi inayowagharimia wengi wao.

Pili, usimamizi. Huambiwa kuwa daftari hili halina mwenye amri. Juni 2016 mtu alitumia kasoro ya programu moja iliyojengwa juu ya Ethereum akachota ether milioni 3.6. Mwezi uliofuata wengi waliafikiana kubadilisha kanuni ili mali irudi; waliokataa wakabaki na daftari la zamani, Ethereum Classic. Basi wenye amri wapo, ila hawakuteuliwa na yeyote.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Nadhiri akifanya khiyana, Kadhi humuondoa. Kwetu Zanzibar Kamisheni ya Wakfu iliundwa mwaka 1905, na leo ipo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana: mwenye malalamiko anajua mlango wa kubisha.

Ama hukumu ya sarafu zenyewe, wanazuoni wamekhitilafiana. Darul Iftaa ya Misri iliikataza Bitcoin mwaka 2018, na wengine wameruhusu kwa masharti. Lakini imamu anayeshauriwa kuweka fedha za msikiti humo akumbuke kuwa mali hiyo si yake. Na aulize: nani anaandika kanuni? Nani anamlipa? Ikipotea, nani atajibu? Asipopata jibu, aiache amana mahali inapoweza kudaiwa.

Wallahu aalam.