Kuchagua Mbuzi wa Kufuga Katika Kaya Ndogo

Mkulima wa mwambao wa Ziwa, awe anakaa Ukerewe, Magu au Sengerema, hufuga mbuzi kama mtu awekavyo akiba. Mtoto akihitaji sare na madaftari, au mgonjwa akipelekwa hospitali, mbuzi mmoja hupelekwa mnadani, na haja hutimizwa pasipo kumgusa ng'ombe. Kwa hiyo kuchagua mbuzi si jambo la kupendeza macho. Ni jambo la kulinda akiba ya nyumba.

Watu wengi huvutwa na ukubwa. Mtu akimwona beberu mnene wa kigeni, hutamani kuuza majike wanne wa kienyeji ili ampate huyo mmoja. Lakini mvua zikianza, kupe na minyoo huongezeka. Mgeni yule akifa, zizi hubaki tupu na akiba yote imekwisha siku moja. Basi kabla hujauza hata mmoja, fikiri mambo haya.

Kwanza, mjue mbuzi uliye naye. Mbuzi wa kienyeji ni mdogo. Jike mzima huwa na uzito wa kilo 20 hadi 30 hivi. Maziwa yake hutosha kitoto chake na si zaidi sana. Lakini hula majani ya vichaka katikati ya mawe, hustahimili kiangazi, na amezoea magonjwa ya nchi hii kuliko mgeni. Huchukua mimba siku 150 hivi, na akitunzwa vema mara nyingine huzaa mapacha. Udogo wake si aibu, kwa maana mnyama mdogo hutosheka na chakula kidogo.

Pili, wajue wageni. Mbuzi aina ya Boer, mwenye mwili mweupe na kichwa chekundu, alitoka Afrika ya Kusini, naye ni mbuzi wa nyama. Hukua upesi, lakini sharti ale vizuri. Toggenburg na Saanen walitoka Uswisi, nao ni mbuzi wa maziwa. Saanen ni mweupe, na jua kali huunguza ngozi yake. Mbuzi wa maziwa walioletwa kutoka Norwei katika miaka ya 1980 walifaa Mgeta, katika milima ya Morogoro, kwa sababu huko kuna baridi na watu huwakatia majani na kuwaletea bandani. Mwambao wetu una joto na kupe wengi. Usitazamie mambo yawe sawasawa.

Tatu, jifunze kwa Malya, wilayani Kwimba. Tangu miaka ya 1960 wataalamu wa hapo walichanganya mbuzi wa Kamorai kutoka Pakistani, Boer, na wa kienyeji, wakapata mbuzi aitwaye wa Malya. Mchanganyiko waliokusudia ulikuwa sehemu 55 za Kamorai, 30 za Boer na 15 za kienyeji katika kila 100. Angalia: hata wao, wenye dawa na watumishi, hawakuitupa damu ya kienyeji. Kazi yao pia ilichukua miaka mingi, si msimu mmoja.

Basi njia ya mkulima mdogo ni hii: usibadili majike, badili beberu. Chagua majike yako yaliyo bora, yenye kuzaa vema na kulea, kisha uwapandishe kwa beberu mzuri aliyechanganywa damu. Majirani watatu au wanne wanaweza kumnunua beberu mmoja kwa shirika. Usimpeleke beberu mkubwa kwa jike ambaye hajazaa bado, maana kitoto kikiwa kikubwa uzazi huwa wa taabu. Madume yasiyofaa uyahasi mapema. Tena usimwache beberu awapande binti zake mwenyewe. Wakikaribia kupevuka, mbadilishane beberu na watu wa kijiji kingine.

Nne, pima malisho kabla ya kununua. Usihesabu majani ya masika, bali yale ya mwezi wa Agosti. Je, una ngitili? Una marando ya viazi na maganda ya mihogo yaliyokaushwa? Majani ya mihogo yafaa, lakini uyaanike kwanza, kwa sababu yakiwa mabichi yana sumu. Usiwalishe mbuzi kando ya vinamasi vya ziwa, kwani konokono wa hapo huleta minyoo ya ini. Asubuhi ngoja umande ukauke. Banda liinuliwe juu ya ardhi, na sakafu iwe ya fito zenye nafasi ndogo, ili mavi yaanguke na miguu isinase.

Tano, mkague unayemnunua. Macho yawe maangavu, kwato nzima, mkia usiwe na kinyesi cha maji. Jike awe na chuchu mbili nzima zisizo na uvimbe. Beberu awe na mapumbu mawili yaliyo sawa. Mtenge mgeni muda wa majuma matatu au manne kabla ya kumchanganya na wengine, kwa ajili ya homa ya mapafu na sotoka ya mbuzi, iliyothibitishwa katika Tanzania mwaka 2008. Umwulize Bwana Mifugo habari za chanjo.

Mwisho, amua hivi. Ikiwa mbuzi wako hujitafutia chakula, shika wa kienyeji na uwatunze vema zaidi. Ikiwa una malisho ya kiangazi na fedha ya dawa, tafuta beberu wa mchanganyiko. Ikiwa unaweza kukata majani kila siku na kupata maji karibu, ndipo umjaribu jike mmoja wa maziwa aliyechanganywa damu, huku wale wa zamani wangali zizini. Wazee walisema: heri kenda shika kuliko kumi nenda uje.