Jumapili za miaka mitatu kwa namba moja

Andika 2, uizidishe kwa 2, na jibu ulizidishe tena kwa 2, mpaka ziwe mbili sitini na saba zilizozidishwa pamoja. Kisha toa 1. Utapata 147,573,952,589,676,412,927. Je, ni namba tasa?

Namba tasa, kama tulivyofundishwa shule ya msingi, haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Mwaka 1644 mtawa wa Ufaransa, Marin Mersenne, alitaja vipeo vya 2 ambavyo, ukitoa 1, alidai vinaleta namba tasa. Kipeo cha 67 kilikuwamo. Ilipita miaka zaidi ya 200 kabla Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, hajaonyesha mwaka 1876 kuwa dai hilo si kweli. Lakini Lucas hakutaja kigawo hata kimoja. Alikuwa kama mtu aliyetikisa nazi sikioni akajua ina maji, ila hakuivunja.

Aliyeivunja ni Frank Nelson Cole, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia. Tarehe 31 Oktoba 1903, mbele ya Chama cha Hisabati cha Marekani jijini New York, inasimuliwa kwamba alikwenda ubaoni bila kusema neno. Akakokotoa ile namba ya Mersenne. Akahamia upande wa pili wa ubao, akaandika 193,707,721 mara 761,838,257,287, akazidisha mstari kwa mstari. Majibu yakalingana. Akarudi kukaa, kimya vilevile, ukumbi mzima ukimpigia makofi. Alipoulizwa baadaye kazi ile ilimchukua muda gani, inasemekana alijibu: Jumapili za miaka mitatu.

Wala hakuwa akibahatisha. Kigawo chochote cha namba hii, ukikipunguza 1, lazima kigawanyike kwa 134, yaani 67 mara mbili. Jaribu mwenyewe: 193,707,720 gawanya kwa 134 ni 1,445,580 kamili. Sharti hilo huondoa namba nyingi za kujaribu, ila zinazobaki bado zinachosha mtu mwenye kalamu tu.

Kinachonigusa zaidi ni umbali uliopo kati ya pande mbili za ubao ule. Kuzidisha ni kazi ya dakika chache. Kurudi nyuma kutoka kwenye jibu ni miaka mitatu. Juu ya umbali huohuo Rivest, Shamir na Adleman walijenga mwaka 1977 mbinu yao ya kufunga siri, ambayo hadi leo hulinda mawasiliano kwenye intaneti. Namba zao zina tarakimu mamia. Ya Cole ina 21 tu.

Basi Jumapili hii chukua penseli na daftari la hesabu, uzidishe namba zile mbili. Jibu lako lisipoishia na 412,927, umekosea mahali, rudia.