Sakafu ya mbao: rahisi yaweza kuwa ghali

Juma hili nataka tuzungumze juu ya kitu tunachokikanyaga kila siku bila kukifikiria, nacho ni sakafu. Wengi wetu hapa Musoma, Bunda na Butiama tunajenga kidogo kidogo. Tukishaezeka bati tunaona safari imekwisha, kumbe sakafu inatusubiri na mfuko umekwisha kuwa mtupu. Hapo ndipo makosa huanza. Nami nilikosea.

Nilipokuwa namalizia nyumba yangu huku Bweri, mama yangu alikuwa anahamia kwetu kutoka Butiama. Ni mtu mzima, anatembea kwa mkongojo, na baridi ya saruji humtesa miguu. Akaniambia, "Mwanangu, chumba changu kiwekee mbao." Nikaahidi. Nilipokuwa natoka Mwanza nikapita Bunda, nikakuta mahali mbao zinauzwa kwa bei iliyonifurahisha. Sikuuliza zimekaa muda gani tangu zipasuliwe. Ilikuwa Novemba, mvua za vuli zinanyesha. Juma moja baadaye fundi akazipigilia juu ya zege ambalo lilikuwa halijatimiza hata mwezi. Chumba kikapendeza kweli kweli.

Kiangazi kilipoingia, mbao zikaanza kuachana. Kufikia Julai nyufa zilikuwa wazi na kingo za mbao zimeinuka. Asubuhi moja mama akajikwaa kwenye ukingo mmoja, akaanguka. Tunamshukuru Mungu hakuvunjika, lakini kwa majuma mawili hakuweza kutoka nje.

Je, kosa lilikuwa la mbao? Hapana. Ubao uliopasuliwa karibuni umejaa maji, na kadiri unavyokauka ndivyo unavyosinyaa. Ubao wa upana wa sentimita 15 ukisinyaa kwa asilimia 5 tu, unapoteza milimita 7 na nusu. Sasa zidisha kwa mbao zote za chumba. Pili, zege bichi hutoa unyevu kwa chini wakati juu hewa inakausha. Ubao ukiwa na maji chini na ukavu juu, hujikunja kingo.

Basi mwenye fedha kidogo afanye nini? Kwanza, achague mti kwa akili. Mninga ni mti mzuri sana, na kiini chake hakishambuliwi ovyo na mchwa. Lakini mninga unaotufikia hutoka mbali, kwenye misitu ya miombo ya mikoa kama Tabora na Katavi, na nauli hiyo unailipa wewe. Mbao za paini ni nafuu zaidi, na mashamba ya serikali yako jirani, kama Rubya kule Ukerewe na Buhindi kule Buchosa. Ila paini ni laini, huchubuka upesi, na mchwa huipenda, kwa hiyo ni lazima itiwe dawa. Hata ukinunua mninga, kataa ubao wenye sehemu nyeupe ya ubavuni mwa gogo. Hiyo haina nguvu ya kiini. Na wakati wa kununua, dai risiti na vibali vya mazao ya misitu, usije ukapoteza mzigo njiani.

Pili, pima ukavu. Huhitaji mashine. Kata kipande kutoka katikati ya ubao, kipime dukani kwenye mizani, uandike uzito. Kiweke ndani ya nyumba, ukipime tena kila juma. Kama uzito bado unapungua, mbao hizo bado hazijakauka. Zipange kivulini, juu ya magogo, ukitenganisha tabaka na tabaka kwa vipande vyembamba ili hewa ipite. Uzito ukitulia kwa majuma kadhaa, mwite seremala.

Tatu, pima zege. Tandaza kipande cha nailoni cha mita moja kwa mita moja sakafuni, ubane kingo zote kwa gundi ya karatasi, uache usiku kucha. Ukikuta matone chini yake asubuhi, subiri. Na kwa anayejenga sasa, nailoni nzito nyeusi iwekwe chini ya zege kabla halijamwagwa.

Nne, piga hesabu sawasawa. Chukua chumba cha mita 3 kwa mita 3 na nusu. Eneo lake ni mita za mraba 10.5. Ongeza moja ya kumi kwa ajili ya vipande vitakavyokatwa, unapata 11.55. Ubao wa moja kwa sita wenye futi 12, ukishapigwa randa na kuchongwa ulimi na mfereji, hubaki na upana wa kama sentimita 13, hivyo hufunika chini kidogo ya nusu mita ya mraba. Utahitaji mbao 25. Anayehesabu kwa upana wa dukani, bila kuongeza chochote, atanunua kama 20, kisha atakwama na kulipa nauli mara mbili. Mwambie fundi aache nafasi ya milimita 10 hivi kuzunguka ukuta, maana mbao hupanuka wakati wa mvua. Skating itaificha.

Ziko pia sakafu za kuunganisha zitokazo nje, zilizofanywa kwa unga wa mbao uliokandamizwa na kufunikwa sura ya ubao. Zinavutia, lakini nyingi zikilowa maji huvimba na hazirudi.

Mwisho, si lazima mbao nyumba nzima. Jikoni, bafuni na barazani, saruji iliyopigwa niru inatosha na inaoshwa. Weka mbao pale mguu mtupu unapokanyaga asubuhi. Na kama fedha hazijatosha, tandika mkeka juu ya saruji safi, usubiri. Hakuna aibu.

Mimi niling'oa zile mbao, nikazikausha miezi mitano, zikapigwa randa upya. Zilizopinda sana zikawa kuni, nikanunua nyingine kuziba pengo. Nikijumlisha yote, mbao zangu za bei rahisi zimenigharimu kuliko mninga. Mama sasa anatembea chumbani mwake bila wasiwasi, ingawa bado anatazama chini kila hatua.