Gemu la mwanao likiganda hewani, usikimbilie kununua kompyuta mpya

Saa mbili usiku, taarifa ya habari inaanza sebuleni. Chumbani, kijana wa kidato cha tatu amevaa hedifoni, anarusha mubashara gemu lake la mpira. Watazamaji wake ni 14, wengi wao wanafunzi wenzake. Ghafla wanaanza kumwandikia: picha imeganda, sauti inakatakata, umepotea. Dakika kumi baadaye wamebaki watatu.

Anatoka chumbani uso umemshuka. "Mama, hii kompyuta imechoka. Tununue nyingine."

Katika nyumba nyingi mazungumzo haya huishia pabaya. Kuna mzazi anayegomba kwamba magemu yanapoteza muda, na kuna anayeanza kuhesabu akiba ya ada atafute kompyuta ya bei kubwa. Wote wawili wanaweza kuwa wamekosea. Mara nyingi kompyuta haina kosa. Tatizo liko kwenye intaneti inayotoka nyumbani, na linaweza kupunguzwa bila kutoa hata shilingi.

Abiria wanaoachwa kituoni

Video ni mfululizo wa picha zinazopita haraka, kwa kawaida 30 au 60 kila sekunde. Kila moja huitwa fremu. Kompyuta huzibana fremu hizo na kuzituma kwenye seva za YouTube au Twitch, na huko ndiko watazamaji wanakozipata.

Chukua mfano wa kituo cha daladala asubuhi. Abiria wakiwa wachache kuliko nafasi, wote wanaondoka. Wakizidi, foleni inarefuka. Kwenye gemu la mubashara foleni haiwezi kusubiri, maana mchezo unaendelea. Programu huamua kuwaacha baadhi ya abiria kituoni. Hizo ndizo fremu zilizodondoka, na mtazamaji huona picha inaruka au kuganda.

Jambo linalowachanganya wazazi ni kasi. Filamu ikichezwa sebuleni, intaneti inaingiza data nyumbani. Hiyo ni kasi ya kupakua. Kijana anaporusha gemu, data inatoka. Hiyo ni kasi ya kupakia, ambayo kwenye huduma nyingi huwa ndogo zaidi. Ndiyo maana familia inaweza kutazama filamu bila kukwama huku kijana akihangaika chumbani.

Mjue mgonjwa kabla ya kununua dawa

Vijana wengi hutumia programu ya bure iitwayo OBS Studio. Mwombe mwanao afungue menyu ya View, kisha dirisha la Stats, wakati anarusha. Humo kuna hesabu tatu za fremu zilizopotea, na kila moja ina chanzo chake.

Ya kwanza ni ya fremu zilizokosekana wakati wa kuchora picha. Ikipanda, kadi ya picha ya kompyuta imeelemewa na gemu. Ya pili ni ya fremu zilizorukwa wakati wa kubana video. Hii nayo inahusu nguvu ya kompyuta. Kupunguza ukubwa wa picha au ubora wa gemu husaidia. Ya tatu ni ya fremu zilizodondoka kwenye mtandao. Kama ni hii tu inayopanda na zile mbili zimetulia karibu na sifuri, kompyuta mpya haitabadilisha kitu.

Hatua za kufuata

Pimeni kasi ya kupakia kwa tovuti yoyote ya kupima intaneti. Pimeni mara tatu, saa ileile anayorusha, kwa sababu jioni minara ya simu huelemewa na watumiaji. Chukueni jibu dogo kuliko yote, wala msishangilie lile kubwa.

Kisha rekebisheni bitireti, yaani kiasi cha data kinachotumwa kila sekunde. Isizidi robo tatu ya kasi mliyopima. Kama kasi ya kupakia ni megabiti 3, wekeni bitireti ya kilobiti 2,000 hivi, picha ya 720 na fremu 30. Kama ni megabiti 1.5, wekeni kilobiti 1,000 na picha ya 480. Vijana hupenda kuweka 1080 na fremu 60 kwa sababu ndivyo wanavyofanya warushaji maarufu, lakini mtazamaji hukaa kwenye picha ndogo inayotembea kuliko kubwa inayoganda.

Unganisheni kompyuta na ruta kwa waya. Waifai hupoteza nguvu inapopita ukutani. Kama intaneti inatoka kwenye simu, tumieni waya wa USB na simu iwekwe karibu na dirisha. Ruta isifichwe nyuma ya friji au televisheni.

Angalieni nani mwingine anatumia njia hiyo. Simu ya baba inayopandisha picha za harusi mtandaoni na kompyuta inayojisasisha kimyakimya zote zinagombania intaneti ileile. Zisimamishwe kwa muda.

Mwisho, kwenye mipangilio ya juu ya OBS kuna chaguo linaloruhusu bitireti ipungue yenyewe mtandao unapobanwa. Likiwashwa, picha hufifia kidogo badala ya kudondosha fremu.

Yote hayo yakishindikana, arekodi gemu kwenye kompyuta na kulipakia usiku wa manane. Video iliyorekodiwa inaweza kusubiri foleni bila kupoteza fremu hata moja.

Bando na umri

Mzazi anayelipa bando ana haki ya kujua hesabu. Kurusha kwa kilobiti 2,000 hula takribani megabaiti 900 kwa saa. Kwa kilobiti 6,000 ni gigabaiti 2.7. Kupunguza bitireti kunatuliza picha na kuokoa pesa kwa wakati mmoja.

Kuna pia suala la umri. Tangu Julai 22, 2025, YouTube inataka anayerusha mubashara peke yake awe na miaka 16 au zaidi. TikTok inataka miaka 18. Kijana akidanganya umri, anaweza kupoteza akaunti aliyoijenga kwa miezi mingi. Zungumzeni pia yasiyopaswa kuonekana au kusikika hewani: jina la shule, mtaa mnaoishi, na mazungumzo ya sebuleni.

Halafu kuna ratiba. Bibi akipiga simu ya video Jumapili jioni na uso wake ukawa vipandevipande kwa sababu mjukuu yuko hewani, nyumba nzima itamlaumu kijana. Kubalianeni saa zake, ziandikwe karibu na ruta, na watu wazima nao waziheshimu.

Kaa naye dakika 20 mbele ya lile dirisha la takwimu. Mwache yeye akueleze namba zinasema nini. Huenda ukaokoa fedha za kompyuta, na mtoto aliyezoea kufunga mlango akakuvutia kiti.