Kumpa Mgeni Maji: Je, Ni Kosa?

Katika vijiji vyetu mgeni akifika mlangoni hupewa kwanza kiti, halafu maji. Akishakunywa ndipo huulizwa: umetoka wapi, unakwenda wapi, una habari gani? Hatumwambii atoe cheti kabla ya kunywa. Ndiyo desturi, na hakuna anayeona ajabu.

Lakini wako watu waliopelekwa mahakamani kwa sababu ya kuwapa wageni chakula, maji na mahali pa kulala. Mambo hayo yametokea Marekani, katika jimbo la Arizona, ambalo limepakana na nchi ya Mexico. Waliopelekwa mahakamani hawakuwa wezi wala majambazi. Walikuwemo wachungaji, mapadri, watawa, walimu na hata mfugaji wa mbuzi. Leo tutaeleza habari zao, maana zinatufundisha mambo mawili: mkimbizi ni nani, na haki ya kusikilizwa ni kitu gani.

WATU WALIKIMBIA NINI?

Kusini ya Mexico ziko nchi mbili zinazoitwa El Salvador na Guatemala. Huko ardhi nzuri, pamoja na mashamba makubwa ya kahawa, ilikuwa mikononi mwa matajiri wachache. Wakulima wadogo walidai haki yao, serikali ikawajibu kwa risasi, na ugomvi ukawa vita. Vita vya El Salvador vilipiganwa toka mwaka 1980 hadi 1992. Watu wapatao 75,000 walikufa. Vita vya Guatemala vilidumu miaka 36, toka 1960 hadi 1996. Huko waliouawa au kupotea wanakadiriwa kufika 200,000.

Tarehe 23 Machi 1980 Askofu Mkuu Oscar Romero wa El Salvador aliwasihi askari waache kuua raia. Kesho yake, tarehe 24, alipigwa risasi akiwa katika misa, akafa. Kama askofu anauawa mbele ya altare, mkulima wa kawaida atapona wapi? Basi watu wakaanza kukimbia kwenda kaskazini.

Safari yenyewe si mchezo. Mpakani mwa Mexico na Arizona kuna jangwa kubwa. Julai 1980 kundi moja la watu wa El Salvador lilipotea katika jangwa hilo, na watu 13 wakafa kwa joto na kiu. Walionusurika walipelekwa mji wa Tucson. Makanisa ya mji huo yaliwapokea, na hapo ndipo watu wengi walipopata habari za vita hivyo kwa mara ya kwanza.

SHERIA ILISEMA NINI?

Mwaka huo huo wa 1980 Marekani ilikuwa imetunga Sheria ya Wakimbizi. Sheria hiyo inasema kwamba mtu anaweza kuomba hifadhi akiwa na hofu ya kweli ya kuteswa kwao kwa ajili ya taifa lake, kabila lake, dini yake, siasa yake au kundi lake. Sisi huku Afrika tuna mkataba wa mwaka 1969, uliotiwa sahihi na nchi za OAU. Mkataba wetu unakwenda mbele zaidi, kwa sababu unamhesabu pia mtu aliyekimbia vita kuwa ni mkimbizi.

Hata hivyo sheria ile ya Marekani ilikuwa nzuri. Shida ilikuwa katika kuitumia. Wakati huo serikali ya Marekani ilikuwa inaisaidia serikali ya El Salvador kwa fedha na silaha. Kusema kwamba watu wanaikimbia serikali ile kwa sababu inaua kungekuwa sawa na kujilaumu yenyewe. Kwa hiyo maofisa walisema: hawa si wakimbizi, wanatafuta kazi tu. Mwaka 1984, katika kila maombi 100 ya hifadhi kutoka El Salvador, yaliyokubaliwa hayakufika hata 3. Wengi walirudishwa kule kule walikotoka.

KANISA LAFUNGUA MLANGO

Karibu na Tucson aliishi mfugaji mmoja aliyeitwa Jim Corbett. Alikuwa muumini wa dhehebu la Marafiki, dhehebu ambalo lina watu wengi pia magharibi ya Kenya. Mwaka 1981 alisikia kwamba mtu mmoja wa El Salvador amekamatwa njiani. Akaenda gerezani kumtafuta, akakuta huko wamo wengine wenye habari kama za yule. Yeye na John Fife, mchungaji wa kanisa la Presbiteri liitwalo Southside, pamoja na wenzao, walianza kwa njia ya kawaida. Walichanga fedha za dhamana na kuwasaidia watu kujaza fomu za hifadhi. Fomu zikawa zinarudi na jibu lile lile: hapana.

Ndipo tarehe 24 Machi 1982, siku ya kukumbuka kifo cha Askofu Romero, kanisa la Southside lilitangaza hadharani kwamba litawapokea na kuwalinda wakimbizi. Hawakufanya jambo hilo kwa kujificha. Walimwandikia barua Mwanasheria Mkuu wa Serikali na kumweleza kila kitu. Waliwaita na waandishi wa magazeti.

Jambo hilo lina mizizi katika Biblia. Kitabu cha Hesabu, sura ya 35, kinaeleza juu ya miji sita ya makimbilio. Mtu aliyeua bila kukusudia aliweza kukimbilia mji mmojawapo, asije akauawa na wenye kulipa kisasi kabla kesi yake haijasikilizwa. Tazama maana yake: mji ule haukuwa wa kumfichia mwenye kosa asihukumiwe. Ulikuwa wa kumweka hai mpaka asikilizwe. Na hicho ndicho watu wa Southside walichokuwa wakikidai kwa ajili ya wakimbizi. Baada ya miaka michache mamia ya makanisa na masinagogi nchini humo yalikuwa yamefanya vivyo hivyo.

KESI YA KWANZA

Serikali haikukaa kimya. Ilituma mashushushu waingie katika mikutano ya makanisa, wakijifanya wasaidizi. Walikuwa wameficha vinasa sauti mwilini. Januari 1985 watu 16 walishtakiwa kwa kuwavusha na kuwaficha watu walioingia nchini bila kibali. Watu 11 walisimama mahakamani, na kesi iliendelea kwa miezi sita hivi.

Huko Marekani, katika kesi kubwa kama hiyo, si jaji anayeamua kama mtu ana hatia. Wanaoamua ni raia 12 wanaochaguliwa kusikiliza ushahidi. Jaji huwaongoza tu katika sheria. Lakini jaji wa kesi hii aliwakataza washtakiwa wasieleze habari za vita vya El Salvador, wala sheria za kimataifa, wala imani iliyowatuma. Kwa hiyo wale raia 12 walisikia kwamba watu wamevushwa mpakani. Hawakusikia kwa nini.

Mei 1986 uamuzi ulitolewa. Washtakiwa 8 walionekana na hatia, akiwemo Mchungaji Fife. Watatu waliachiliwa, akiwemo Corbett. Hata hivyo hakuna aliyefungwa. Jaji aliwaacha chini ya uangalizi kwa masharti.

Makanisa nayo yalikuwa yameifungulia serikali kesi mwezi Mei 1985. Kesi hiyo ilikwisha mwaka 1991 kwa mapatano. Serikali ilikubali kusikiliza upya maombi ya watu wa El Salvador na Guatemala waliokuwa wamekataliwa. Ilikubali pia kwamba urafiki wake na serikali za kigeni usiingizwe katika kuamua nani apewe hifadhi. Waliotiwa hatiani mwaka 1986 hawakusafishwa na mapatano hayo. Lakini kile walichokuwa wakikilalamikia kilirekebishwa.

MAJI JANGWANI

Miaka ya tisini mambo yalibadilika. Mwaka 1994 ulianza mkataba wa biashara kati ya Marekani, Mexico na Kanada. Mahindi ya bei rahisi kutoka Marekani yakaingia Mexico kwa wingi. Mkulima mdogo wa Mexico akaona bei ya gunia lake inaanguka. Wengi waliacha mashamba, wakaenda kutafuta vibarua Marekani. Wakati huo huo serikali ya Marekani iliongeza ukuta na askari karibu na miji ya mpakani. Watu hawakuacha kuja. Walizunguka tu, wakapita jangwani.

Hebu tufanye hesabu. Wakati wa kiangazi joto la jangwa hilo hupita digrii 40. Mtu anayetembea katika joto hilo aweza kuhitaji lita 8 za maji kwa siku. Lita moja ina uzito wa kilo moja. Safari ya siku tano itahitaji lita 40, yaani kilo 40. Nani atabeba mzigo huo pamoja na chakula, na pengine mtoto mgongoni? Haiwezekani. Ndiyo maana toka mwaka 2000 maiti zaidi ya 3,000 zimeokotwa kusini ya Arizona.

Mwaka 2000 watu wa makanisa walianzisha chama kinachoitwa Humane Borders. Kiliweka mapipa ya maji jangwani, na kila pipa lina bendera ya buluu juu ya mlingoti mrefu ili ionekane kwa mbali. Mwaka 2004 kikaanzishwa kingine, No More Deaths, na Mchungaji Fife alikuwa mmoja wa waanzilishi. Hawa hubeba madumu ya maji kwa miguu na kuyaacha njiani.

Mwaka 2008 mmoja wao alishtakiwa kwamba ametupa takataka katika hifadhi ya wanyama. Takataka zenyewe zilikuwa nini? Madumu ya maji safi! Alionekana na hatia, akakata rufani. Mwaka 2010 mahakama ya rufani ilifuta hatia hiyo. Ilisema kwamba neno takataka katika kanuni ile haliko wazi kiasi cha kumtia mtu hatiani kwa sababu ya maji ya kunywa.

WATU 70 KWA SIKU MOJA

Katika mahakama ya Tucson kulianzishwa utaratibu mwingine Januari 2008. Watu waliokamatwa mpakani waliletwa kwa makundi, hata watu 70 kwa siku moja. Walifungwa minyororo mikononi, kiunoni na miguuni. Kila mmoja alipata dakika chache tu za kuongea na wakili. Kisha jaji aliuliza maswali, na kundi zima likajibu kwa pamoja, kama wanafunzi darasani.

Watu wa makanisa na wengine walikwenda kukaa mahakamani kuangalia, kisha wakawaeleza wananchi waliyoyaona. Mawakili nao walikata rufani. Desemba 2009 mahakama ya rufani ilisema kwamba kupokea majibu ya kundi namna hiyo ni kuvunja kanuni. Jaji lazima ahakikishe kwamba kila mtu, yeye mwenyewe, anaelewa anachokikubali. Ni wazi kwa nini. Katika watu 70 aweza kuwemo mmoja ambaye akirudishwa kwao atauawa. Nani atamjua kama hakuulizwa peke yake?

KESI YA MWALIMU

Januari 2018 mwalimu mmoja wa jiografia, Scott Warren, alikamatwa katika mji mdogo wa Ajo, Arizona. Alikuwa amewapa vijana wawili wa Amerika ya Kati chakula, maji na mahali pa kulala kwa siku chache. Mashtaka yake yangeweza kumpeleka gerezani miaka 20. Yeye alisema alifuata dhamiri na imani yake kwamba uhai wa mtu ni kitu kitakatifu.

Safari hii wananchi 12 walimsikia akijieleza. Mwaka 2019, katika kesi ya kwanza, hawakuafikiana: 8 walitaka aachiliwe, 4 walikataa. Kesi ikarudiwa na watu wengine. Novemba 2019, baada ya kukaa faraghani kwa saa mbili hivi, walitoka na jibu: hana hatia.

SERIKALI NAYO INA HOJA

Tusiwe watu wa kusikia upande mmoja. Kila nchi ina haki ya kujua nani anaingia. Wako pia wavushaji wa magendo wanaotoza watu fedha nyingi, kisha wanawatupa jangwani wafe. Hao ni wahalifu kweli. Hata wazee wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Yaani mgeni naye ana wajibu.

Lakini yafaa kumtofautisha mtu anayeuza njia na mtu anayetoa maji. Na yafaa kutofautisha kumhukumu mtu na kumkatia neno bila kumsikiliza. Mabishano haya hayajaisha. Januari 2025 serikali ya Marekani ilifuta mwongozo wa zamani uliowazuia maofisa wa uhamiaji kukamata watu makanisani isipokuwa kwa sababu maalum. Baadhi ya madhehebu yamekwenda tena mahakamani.

Sisi tunajifunza nini? Baraza la kijiji likiletewa mtu asiyejulikana, au mtuhumiwa ambaye kila mtu anamzomea, kazi ya kwanza si kuuliza apewe adhabu gani. Kwanza apewe maji. Kisha aulizwe, yeye peke yake, na jibu lake lisikilizwe mpaka mwisho.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini watu wa El Salvador walinyimwa hifadhi, ingawa sheria ilikuwepo?
2. Kuna tofauti gani kati ya mvushaji wa magendo na mtu anayeacha maji jangwani?
3. Katika kijiji chetu, mgeni asiye na cheti hupokewaje? Je, mtuhumiwa hupewa nafasi ya kujieleza?