Nyumba Inapobaki na Watu Wawili

Leo twataka kusema na waume na wake, na hasa wale ambao wamewasindikiza watoto shuleni, wakarudi nyumbani na kukuta kimya.

Mwezi wa Januari kwetu Marachi ni mwezi wa masanduku. Toka Bumala hadi Busia mjini, toka Nambale hadi Malaba, magodoro yamefungwa juu ya matatu na nyuma ya pikipiki. Mzazi amelipa karo, au amelipa sehemu na kuahidi iliyobaki. Amenunua sare, sabuni na viatu. Mtoto ameingia langoni, naye mzazi amegeuka. Jioni ile sufuria kubwa haina kazi. Na mara nyingi, wapenzi, ndipo mume akumbukapo kwamba kuna mtu anayemngoja pale senta, na mke akumbukapo kwamba kuna mahindi ya kupukuchua. Hawakugombana. Ni kwamba hawajui waanze kuzungumza nini, maana kwa miezi mitatu neno lao lote lilikuwa karo.

Neno letu leo ni hili: kimya hicho si pengo la kuzibwa haraka. Ni wakati ambao Mungu amewarudishia, nanyi mna ruhusa ya kuufurahia.

Twajua neno hilo la kufurahia litawashtua wengine. Kwetu ndoa huheshimiwa kwa sababu ya watoto. Mtu akishapata mtoto wa kwanza, jina lake hupotea; huwa Baba Wandera, naye mkewe huwa Mama Nabwire. Ni majina ya heshima, wala hatuyapingi. Lakini wako watu waliooana miaka ishirini, na mmoja hajalisikia jina lake mwenyewe kinywani mwa mwenzake tangu harusini. Watoto wanapoondoka, Baba Wandera na Mama Nabwire hubaki bila kazi, na wale wawili waliosimama mbele ya madhabahu hawaonekani.

Wazee wetu walikuwa na hekima yao katika jambo hili, ingawa hawakuitolea semina. Watoto walilala kwa kukhu, yaani bibi yao, wakasikiliza hadithi huko hadi usingizi ukawachukua. Vijana wa kiume wakipata umri walijengewa nyumba yao pembeni mwa boma. Basi usiku nyumba ya baba na mama ilikuwa yao wawili. Leo wengi wetu twapanga chumba kimoja mjini Busia au Malaba, na kati ya kitanda cha wazazi na mkeka wa watoto pana pazia tu. Mwaka 2020, shule zilipofungwa mwezi wa Machi kwa ajili ya ugonjwa wa korona, na zisifunguliwe kwa watoto wote mpaka Januari 2021, pazia lile lilibeba mzigo mkubwa. Kwa watu kama hao, likizo ambayo watoto wanakwenda Butula kwa bibi yao, au muhula wanapokuwa bweni, ndiyo nafasi ya pekee wanayoipata. Wasione haya kuipokea.

Je, Kanisa lafundisha hivyo? Hapa yatupasa kurudi nyuma kidogo. Ibada ya ndoa katika Kitabu cha Sala kwa Watu Wote, kile cha mwaka 1662, hutaja sababu tatu za ndoa. Ya kwanza ni kuzaa watoto na kuwalea katika kumcha Bwana. Ya pili ni kinga ya uasherati. Ya tatu ni kwamba hao wawili washirikiane, wasaidiane na kufarijiana, wakati wa raha na wakati wa shida. Sababu hii ya tatu iliingia katika ibada yetu mwaka 1549, kwa mkono wa Askofu Mkuu Thomas Cranmer. Cranmer mwenyewe alikuwa mtu mwenye mke. Alioa Ujerumani mwaka 1532, wakati makasisi walipokatazwa kuoa, akalazimika kumficha mkewe miaka mingi. Mtu aliyeishi hivyo alijua thamani ya kuketi na mkewe pasipo hofu.

Tena mwaka 1551, mwalimu mmoja wa Cambridge, Martin Bucer, aliyetoka Strasbourg, alikipitia kitabu hicho muda mfupi kabla ya kufa kwake. Maoni yake yalikuwa kwamba sababu ile ya tatu ingestahili kuwa ya kwanza. Hawakumsikiliza. Ilipita zaidi ya miaka mia nne, mpaka Kanisa la Uingereza lilipotoa kitabu cha ibada cha mwaka 1980, ndipo kufarijiana kukatangulizwa na watoto wakaja baadaye. Sisi tunaona Bucer alikuwa sahihi, maana katika Mwanzo sura ya 2 Mungu aliona si vema mtu awe peke yake kabla mtoto yeyote hajatajwa.

Na ninyi ambao Mungu hakuwapa watoto, lisikieni jambo hili. Mmesemwa visimani na katika matanga kana kwamba ndoa yenu ni nusu. Elkana alipomwona Hana akilia, alimwuliza kama yeye mumewe hakuwa bora kwake kuliko wana kumi. Wapo wanaolicheka swali hilo kuwa ni la mwanamume asiyeelewa uchungu, na kweli halikumtosha Hana. Lakini latuonyesha mume aliyempenda mkewe kwa ajili ya mkewe mwenyewe, kabla Samweli hajazaliwa.

Twende sasa Mwanzo sura ya 26. Isaka alikuwa ugenini Gerari, na kwa hofu alisema Rebeka ni dada yake. Siku moja mfalme Abimeleki alitazama dirishani, akawaona wanavyochezeana, akatambua mara moja kwamba hao ni mume na mke. Uongo wa Isaka hatuusifu. Ila tazama kilichomfumbua mfalme macho: hakuona watoto, aliona furaha yao. Na neno la Kiebrania lililotumika hapo la kucheza ni la shina moja na jina Isaka lenyewe, ambalo ni kicheko. Biblia haikuona haya kuliandika. Je, jirani akitazama dirishani kwetu, ataona nini? Pengine mume na simu yake, na mke na simu yake.

Torati nayo, Kumbukumbu 24:5, iliagiza kwamba mtu aliyeoa karibuni asiende vitani wala asipewe kazi ya watu mwaka mzima, akae nyumbani amfurahishe mkewe. Mwaka mzima! Sisi twaona jioni moja ni nyingi.

Hatusemi mtafute fedha msizo nazo. Mwezi wa Januari nani anazo? Kaleni chakula mapema. Kama kuna kuku, pikeni ninyi wawili mle, msimngoje mgeni. Kogeni, mvae vizuri, maana watu wengi huvaa vizuri kwa ajili ya kanisa na mazishi tu. Tembeeni pamoja hadi shambani mkaangalie tu. Jina boda-boda lilizaliwa hapa kwetu mpakani katika miaka ya 1960 na 1970, baiskeli zilipovusha abiria kati ya vituo vya Kenya na Uganda. Ndugu mwenye baiskeli au pikipiki, umebeba wageni wangapi? Mkeo umempakia lini, pasipo kumpeleka hospitali? Na usiku ukifika, mkumbuke Paulo katika 1 Wakorintho 7: mume ana haki ya kumpa mkewe, na mke vivyo hivyo kwa mumewe. Hakusema haki hiyo ni ya mume peke yake. Wala hakusema imekwisha mtu akipata mvi.

Lakini twajua si kila nyumba hufurahi watoto wakiondoka. Katika nyumba nyingine kimya hufunua kidonda cha zamani: deni lililofichwa, shamba lililouzwa kwa siri, mtu mwingine kule ng'ambo ya mpaka. Ndugu wa uamsho, ule uliotoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ukapita Uganda na kufika kwetu, walifundisha kutembea nuruni, na wengi wao waliuanzia nyumbani, mume na mke wakiambizana kweli. Jioni ya pili au ya tatu, mkishacheka kidogo, semeni. Msianze nalo usiku wa kwanza.

Na iko nyumba nyingine tena, ambamo mama huogopa watoto wakienda, kwa kuwa watoto ndio waliozuia mkono wa baba. Dada, kwako wewe hatusemi upike kuku. Njoo kwa mchungaji wako, au kwa akina mama wa kanisa unaowaamini. Nenda kwa chifu au polisi. Sheria ya Kenya ya mwaka 2015 ya kuwakinga watu na jeuri nyumbani imewekwa kwa ajili yako, na kunyamaza si sehemu ya kiapo ulichoapa. Nawe ndugu ufanyaye hivyo, umeapa mbele za Mungu kumtunza huyo unayempiga.

Kwa ninyi wengine, watoto watarudi mwezi wa Aprili, na sufuria kubwa itapata kazi yake. Zimebaki jioni nyingi kabla ya hapo. Usiku wa leo someni pamoja Mwanzo 26, mistari kumi na miwili ya kwanza. Asome mmoja, mwingine asikilize. Ombeni kwa maneno machache, kila mmoja akimtaja mwenzake kwa jina lake alilobatizwa nalo, kisha mzime taa mapema.