Misuli Yetu ni ya Aina Tatu

Tukisikia neno "misuli" wengi wetu hufikiria mikono ya mkulima. Kumbe mwilini tuna misuli ya aina tatu. Ya kwanza, zaidi ya 600, imeshikamana na mifupa; hututii tunapotaka kutembea au kulima. Ya pili ni misuli laini ya utumbo, mishipa ya damu na mji wa mimba. Hufanya kazi bila kuamriwa. Ya tatu ni msuli wa moyo, unaopiga mara 100,000 hivi kwa siku.

Msuli wa mguu ukichanika, kwa kawaida hupona. Sehemu ya moyo ikikosa damu hufa, likabaki kovu. Basi kifua kikibana ghafla, maumivu yakaenea mkononi au tayani, tusikande wala tusingoje kuche. Tumpeleke mgonjwa hospitali mara moja.